Gundi ya Muhogo

Mama Directrice alisoma vitabu vya watoto akiwa wima. Alisimama kando ya mbabula, jiko lake la mkaa, maharagwe yakichemka, mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine umekishika kitabu mbali na mvuke, akifunua kurasa kwa kidole gumba. Kitabu alichokimaliza bila kukaa kilikuwa chema kwa mtoto, basi alikipitisha. Lakini pengine, katikati ya kusoma, alivuta kigoda kwa mguu akakaa. Hapo sisi majirani tulijua kuna ukurasa umekutwa na hatia. Maharagwe yangeungua, yeye hana habari. Kisha angeinuka, akoroge unga wa muhogo katika kisufuria chake kidogo kilichovunjika mpini, apake mstari wa gundi kuzunguka kingo, aubandike ukurasa ule na wa pili wake, na kuweka jiwe la kusagia juu ya kitabu mpaka gundi ikauke.

Kwa muda mrefu vitabu hivyo vilikuwa vyangu peke yangu. Ndiyo sababu naandika, na msidhani nataka kumsifu tu, maana kuna miaka nilimchukia.

Alikuwa mkuu wa shule ya msingi mtaani kwetu Butembo, shule ambayo vita viliifunga na kuifungua mpaka tukaacha kuuliza. Mabati yaliondoka, madawati yakapikiwa chakula cha askari, lakini cheo hakikumtoka. Hata muuza mkaa alimwita Mama Directrice. Alivaa kikwembe, kitenge cha huku kwetu, kilichopigwa pasi kila siku ya Mungu, na viatu vya plastiki vya kupitia matope. Mwavuli wake hakuufungua hata mvua iliponyesha, kwa sababu, alisema, ukishafunguka haufungiki tena.

Baba yangu alinunua mchele na mafuta ya mawese kule Mbau, kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha, akaviuza kwetu Butembo. Safari moja hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake, akamwambia mama nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini, kwamba baba na wengine waliuawa njiani, na yeye ameponea porini. Mwili haukupatikana. Mama akakataa kukaa kilio bila mwili, akawakataza watu wote wa mtaa wasiniambie. Mimi niliambiwa barabara imefungwa, baba amekwama Beni.

Nilikuwa na miaka tisa, na ugonjwa wangu ulikuwa kusoma. Nilisoma makaratasi ya dawa, mikebe ya maziwa, kalenda ya parokia, maandishi ya kwenye magunia. Vya ndani vilipokwisha nikatoka nje. Siku mama aliponikuta kwenye lango la parokia, nimesimama kwa ncha za vidole, nasoma kwa sauti matangazo ya vifo yaliyobandikwa pale, alinikamata mkono akanikokota hadi kwa Mama Directrice. Mimi nikaachwa uani. Waliyosemezana ndani mama alinieleza nilipokuwa mtu mzima, kwa Kiswahili chetu cha Butembo, chenye b badala ya v na w, na njo badala ya ndiyo.

"Huyu mutoto anasoma bintu byote," mama alisema. "Siku moja atasoma na ile ya baba yake."

"Unapashwa kumwambia."

"Nitamwambia. Nipatie muda kidogo. Umupatie bitabu."

"Bitabu ya batoto njo imekwisha, mama. Bingine biliungua, bingine baliiba."

"Basi utafute."

Mama Directrice akachukua mwavuli wake akaenda kutafuta.

Asiyemjua angedhani ni jambo dogo. Vitabu mjini havikukosekana kabisa. Vilikuwapo vya sheria, vya dawa za mifugo, vitabu vikubwa vya mafundisho ya dini vilivyoachwa na wamisionari, riwaya za wazungu wa mashamba ya kahawa. Vya mtoto ndivyo vilivyokuwa vimepotea, kwa sababu vilikuwa vyembamba na vilikuwa na picha, na kila aliyekimbia aliweza kuviingiza ndani ya mzigo. Kwa hiyo ilimbidi atafute vitabu vya wakubwa vinavyoweza kufaa, na visivyofaa avifanye vifae. Watu walimwambia apumzike, hii ni vita, mtoto atasoma amani ikirudi. Jibu lake lilikuwa hilo hilo siku zote, akilitoa bila kukasirika: "Mutoto akikosa kitabu, atasoma uso ya bakubwa."

Nilimsikia akilisema mara nyingi na nilidhani ni maneno tu ya walimu.

Kisa ninachokipenda nilisimuliwa na mwanawe. Alikuwa naye mmoja tu, kijana mrefu, mcheshi, aliyefanya kazi ya kupakia magari, na ndiye pekee aliyethubutu kumtania. Mama yake akikoroga gundi, yeye alisimama mlangoni na sahani mkononi. "Mama, na ule unga leo tungekula bugali," angesema. Mama yake hakugeuka. "Kula maharagwe, kisha utacheka."

Basi askari walikuwa wamekaa katika nyumba ya mapadri nje ya mji, na habari zikaja kwamba wanawashia moto kwa vitabu. Mama Directrice akaenda, mwanawe akimfuata kwa mbali huku akimsihi arudi. Mlinzi alimzuia, yeye akampa mwavuli amshikie, akapita. Mkubwa wao alikuwa ananyolewa ndevu kibarazani.

"Mama, unatafuta nini hapa?"

"Natafuta bitabu. Basoda bako banapika nayo chai."

"Bitabu ya nini?"

"Ya mutoto mumoja."

"Mumoja tu? Unakuja kwetu juu ya mutoto mumoja?"

"Mumoja. Wewe uliacha masomo darasa gani?"

Yule mkubwa alifikiri, povu la sabuni usoni. "Mwaka ya ine."

"Donc, basi, unajua vile inauma. Nionyeshe."

Mwanawe alisema yule bwana alitazama watu wake kama anayetaka msaada, kisha akacheka. "Mama oyo aza makasi," akasema kwa Kilingala, yaani mama huyu ni mkali, na akaamuru achukue vitakavyoingia katika kikwembe. Alidhani atazoa tu na kuondoka. Mama Directrice akaanza kusoma. Alisimama katikati ya uwanja wa askari wenye bunduki, akafungua kimoja baada ya kingine, akisoma mwanzo, katikati na mwisho, na vingine akivirudisha motoni kwa mkono wake mwenyewe. Chai iliiva, ikanywewa, ikapoa. Askari mmoja alianza kumpangia vitabu kwa ukubwa. Aliporudi nyumbani na mzigo wake, mwavuli ulibaki kule, na huo ndio uliomuuma.

Mwingine aliyemsaidia alikuwa Hadji, mwenye magari ya mizigo kati ya Beni na Butembo; mimi niliambiwa askari wanapitisha mizigo, si watu. Kila Hadji aliposhusha samaki wa chumvi na sukari kwetu, alishusha pia kitabu au viwili alivyoviokota kwa wanaohama. Hadji hakusoma Kifaransa. Yeye alipima kwa picha ya jalada, na kama ilikuwa na mwanamke aliyeacha mabega wazi alikileta kimefungwa ndani ya mfuko wa sukari, akimkabidhi huku ametazama upande.

"Directrice, hii iko na picha mubaya. Miye sikuangalia."

"Kama haukuangalia, ulijua namna gani?"

"Muke yangu njo aliniambia."

"Muke yako aliona mabega tu, Hadji. Naye iko nayo."

Hadji alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Walitaniana hivyo miaka, yeye wa misa ya kila asubuhi na Hadji wa msikiti, na sikumbuki waligombana kwa jambo lolote isipokuwa samaki wake aliyenukisha vitabu.

Na hapa ndipo pa kushangaza. Mtu angetazamia kwamba mwanamke wa misa ya kila asubuhi angebandika mabusu. Hakubandika hata moja. Nilisoma watu wakipendana nyuma ya maghala na juu ya mikokoteni ya nyasi kabla sijajua maana yake. Mama alipolalamika, alimjibu, "Kupendana hakujaua mutu. Wacha asome." Alichobandika ni nyumba zinazowaka moto. Alibandika watu wanaotembea usiku na vyungu kichwani, mama anayeita jina mtoni, farasi anayerudi bila mpandaji. Alibandika, zaidi ya yote, akina baba. Katika vitabu vyangu hakuna baba aliyekufa.

Mimi sikujua kama kuna kilichobandikwa kwa kusudi. Nilipouliza mbona ukurasa ni mnene, aliniambia ndivyo vinavyotoka mtamboni, na mimi nikaamini, kwa sababu huyu ndiye mtu aliyepigisha watoto magoti kwenye changarawe kwa uongo mdogo kama wa kusema umeoga. Alichukia uongo kuliko wizi. Mwizi, alisema, anaweza kurudisha. Pia alichukia anayekunja pembe ya ukurasa, na alituchunguza kucha kabla ya kutugusisha kitabu. Ni yeye huyo aliyekuwa akivijaza muhogo.

Kwa hiyo nikakua nikidhani ndivyo riwaya zinavyoandikwa. Mtu yupo mezani anakata mkate, unafunua ukurasa ule mnene, hayupo tena, na hakuna anayemuuliza. Watu wanavaa nguo nyeusi bila sababu. Mjukuu anahama kwenda kwa shangazi, hatuambiwi kwa nini. Nilizoea. Nilijitungia mwenyewe mahali walipokwenda. Wengi niliwapeleka Beni, kwa kuwa ndiko baba alikokuwa amekwama, na nikaona si vibaya wakimpigia soga huko mpaka barabara ifunguke.

Alichokipenda kuliko vyote, na mimi pia, kilikuwa kitabu cha warina asali. Kilitoka katika ule mzigo wa askari, na ukingo wake mmoja ulikuwa umeungua. Baba mmoja, mama yake mzee na binti yake wanafuga nyuki mlimani. Baba anavuka mlima kwenda kuuza asali. Kisha unakuja ukurasa mnene, kweli mnene, karatasi kadhaa pamoja, na baada yake bibi na mjukuu wanafungua mizinga wao wenyewe na wanajua kazi. Nilikisoma hata jalada likang'oka. Nilipenda vile wanavyomngoja bila kulia.

Muda kidogo ambao mama aliuomba ukazidi mwaka. Kisha Butembo pakawa pagumu kwetu, na mama akaamua tumfuate dada yake mtaa wa Mulekera, kule Beni. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani tunamfuata baba. Mama Directrice alikuja kutusindikiza kwenye gari la Hadji, akanipa vitabu vyangu vimefungwa katika kikwembe chake kizuri. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniambia nisome polepole. Kisha akamgeukia mama. "Utafika Beni. Donc utamwambia." Mama akaitikia kwa kichwa, nami nikadhani ni mambo ya mzigo.

Mama Directrice alikuwa mtu wa nyanda za baridi. Maisha yake yote yalikuwa Lubero na Butembo, mahali ambapo gundi ya muhogo ikikauka imekauka. Joto la Beni hakulifikiria. Kule kuna mende wa kila namna, na mende hawachagui kati ya muhogo wa sahani na muhogo wa kitabu. Vitabu nilivitia chini ya kitanda. Nilipokitoa kile cha warina asali, siku ambayo mama alikuwa bado hajapata ujasiri wake, kilifunguka mkononi mwangu mahali ambapo hakijawahi kufunguka. Gundi ilikuwa imeliwa yote, safi, kingo zimeachwa na alama za meno madogo madogo.

Nilisoma nikiwa kwenye mkeka mlangoni, asubuhi, jua likinipiga miguu. Baba alikutwa njiani, upande wa pili wa mlima. Jirani alileta kofia yake. Bibi aliichukua ile kofia, akaipangusa, akaitundika mahali pake, kisha akamwita mjukuu akamwambia kwa maneno machache kwamba baba yake amekufa. Wakalia. Walilia kurasa zote zile nilizodhani ni moja.

Nikaenda uani. Mama alikuwa anachagua maharagwe.

"Mama, baba alikufa?"

Hakuinua kichwa. "Nani amekuambia?"

"Kitabu."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Njo vile," akasema. "Njo vile, mwanangu." Siku hiyo ndipo tukakaa kilio, bila mwili, na majirani wa Mulekera wasiomjua baba walikuja wakakaa nasi chini.

Nilimkasirikia Mama Directrice kuliko waliomuua baba, maana hao sikuwajua. Mama nilimsamehe mapema, kwa sababu nilimwona akilia. Lakini yule mwingine, mwenye changarawe zake za waongo, nilimrudishia salamu zake zote. Hadji akileta kitabu kutoka kwake nilisema sina muda. Nilitafuta vyangu mwenyewe, na kila nikishika kitabu nilikishika kwanza kwa mgongo nikitikise, nione kama kurasa zote ziko huru. Natikisa mpaka leo.

Nilipokuwa mtu mzima nilipata kazi katika redio moja ndogo ya Beni. Nasoma matangazo: mbuzi aliyepotea, mkutano wa wazazi, chanjo. Nasoma na vifo. Vita kwetu vilikwisha kwa majina tu. Jina moja likiondoka linaingia jingine, na barabara ya Mbau ni ile ile. Nasoma majina ya marehemu polepole, na nafasi baina yao, kwa sababu najua kuna mtu anayesikiliza.

Siku moja mwanamke mmoja alikuja redioni, amejifunga kitambaa kwa haraka. Mume wake aliuawa ndani ya gari la mizigo, upande wa Mbau. Familia ilikuwa imekwisha kuleta tangazo, naye alitaka tusilisome.

"Juu ya nini, mama?"

"Mama mukwe anasikiliza. Macho yake imekufa, redio njo kitabu yake sasa. Tumemwambia mutoto wake iko Kampala."

Nilipotazama jina kwenye karatasi nilimjua yule kijana wa kusimama mlangoni na sahani. Nikamwuliza mama mkwe anakaa wapi. Sikuwa nimejua kwamba walimhamishia Mama Directrice Mulekera, mitaa michache tu kutoka kwangu, wala kwamba kila asubuhi ananisikia. Niliweka lile tangazo pembeni. Jioni ile nilitoa kitabu cha warina asali, nikaenda.

Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, mwembamba, kikwembe kimepigwa pasi. Nilisema tu "Wasibiri," salamu yetu ya Kinande, naye akainua mkono.

"Sauti ya redio," akasema. "Umekawia kuja."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno makali ya miaka mingi. Nikamwuliza mbona alinibandikia vitabu.

"Mama yako aliomba muda kidogo. Miye nilifikiri mwezi moja. Mwezi ikakuwa mwaka, na miye nikaendelea kubandika. Ingepashwa nikatae. Sikukataa." Alipapasa ukingo ulioungua wa kitabu, akakitambua. "Lakini nilijua colle ya muhogo itakaa."

"Beni iko na mende, Mama Directrice."

Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Donc mende njo balikuambia." Nami nikacheka, jambo ambalo sikulitazamia, na hasira yangu ikawa imekwisha bila mimi kuipa ruhusa.

Akaniomba nimsomee. Mkwe wake alikuwa anaosha vyombo karibu nasi. Nilisoma nyuki, nikasoma mlima, nikasoma baba akijifunga mzigo wa asali. Nilipoufikia ukurasa ule niliona mwenye kusikiliza ni mama wa mtu. Nikafunua karatasi zile pamoja kwa kidole gumba, nikaendelea na mahali bibi na mjukuu wanapofungua mizinga.

"Umeruka," akasema.

Nikafunua ukurasa mwingine.

"Hapo wanaleta kofia. Nilikaa chini siku niliyosoma hapo, maharagwe ikaungua. Rudi nyuma."

"Mama, tuache leo."

"Mutoto yangu haiko Kampala," alisema, na kule kwenye vyombo maji yakanyamaza. "Hakuna siku amekaa bila kunipigia simu anitanie. Hawa batoto bananionea huruma, na miye nimebaachia, juu miye njo nilibafundisha. Sasa inatosha. Soma."

Nikarudi nyuma. Nilisoma jirani akipanda mlima na kofia. Nilisoma bibi akiipangusa na kuitundika, na maneno yake machache kwa mjukuu, na kulia kwao kote, sikuacha hata neno. Sauti yangu ya redio haikunisaidia. Mkwe wake alikuja akakaa chini kwenye vumbi, kichwa magotini pa mama mkwe, na yule mzee alimpapasa mgongo huku akisikiliza hadi mwisho wa sura.

"Wasingya," akaniambia. Asante. Kisha kwa mkwe wake, "Ita batu. Tukae kilio."

Asubuhi yake, baada ya mbuzi na chanjo, nilisoma jina la mwanawe, polepole.